Bunduki Yenye Serikali Mbili

Kabla ya kupata bunduki nilipata karatasi. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, barua ya katibu kata, barua ya mchungaji kwamba silewi, cheti cha daktari kwamba sina wazimu, picha, alama za vidole, halafu kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Mwaka na nusu. Nilikuwa nawajua walimu wawili na karani mmoja wa pamba walioomba kabla yangu wakachoka njiani. Mimi wa darasa la nne sikuchoka. Kila Jumatatu nilikuwaga kwenye benchi la polisi Musoma, mpaka askari wakawa wananisalimia kabla sijawasalimia. Siku nilipopewa kitabu cha leseni, mkuu wa polisi wa wilaya mwenyewe alisema, "Bwana, wewe ungeomba hata kifaru ungepata."

Sababu ya kuomba ilikuwa ya kweli. Wakati wa shida, watu wakila unga wa njano na kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, mimi nilikuwa na baiskeli moja. Dagaa natoa Musoma napeleka vijijini, narudi na kuku na mtama. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, wenzangu walikaa wakingoja waelezwe maana yake. Mimi nilikwisha kufungua duka Iringo, Musoma mjini, mitumba mbele, nyavu nyuma. Sikufundishwa na mtu. Nikajenga nyumba ya bati Kamunyonge, na ng'ombe nikawaweka kwa mama, kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Butiama. Duka likavunjwa mara mbili. Mara ya pili walimpiga mlinzi wangu mpaka akapoteza jicho. Ndipo nikaanza kukalia lile benchi.

Ilikuwa shotigani ya mitutu miwili. Masharti yake niliyajua kwa moyo, maana nilisomewa mara nyingi. Bunduki ikae Kamunyonge, ndani ya sanduku la chuma. Nisimwazime mtu. Niitumie kulinda mwili wangu na mali yangu, ndani ya wilaya ya Musoma. Nikitaka kuvuka mpaka wa wilaya niombe kibali kwanza. Kwa hiyo hata nikienda Kisorya kununua dagaa nilikuwa naiacha sandukuni, kwa sababu Kisorya ni Bunda.

Sasa nieleze kosa langu, maana hata mimi nina makosa, ingawa si mengi.

Kwetu mtu akipata kitu kikubwa hakiingizi nyumbani kimyakimya. Baiskeli, redio, cherehani, lazima kionyeshwe. Unachinja, unaita watu, kitu kinapita mikononi mwa wazee, halafu mwenyewe unasimama na kukitoa kwa mdomo. Unasema si changu, ni chenu. Aliyenunua redio anasema redio ni ya kijiji, na hakuna hata mmoja atakayekwenda kesho kuichukua. Ni adabu tu. Asiyesema hivyo anaonekana mchoyo, na mchoyo kwetu harudi nyumbani mara mbili.

Nilichinja mbuzi wawili. Mchungaji akaiombea bunduki isimwage damu isiyo na hatia. Nikasimama, nikasema, "Bunduki hii si yangu. Ni ya kijiji hiki. Siku yowe likipigwa, ihesabuni kwamba ipo." Wanawake wakapiga vigelegele. Mama yangu alilia. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye nilikaa naye dawati moja miaka yote minne, alikuwa amekuja na karani wake, na karani akaandika.

Miaka ile wizi wa ng'ombe ulikuwa umebadilika. Zamani wezi walikuja na mikuki, tukawafukuza kwa mikuki. Baada ya vita, bunduki za kijeshi zilianza kuonekana mahali ambapo hazikupaswa kuwa, na sungusungu wetu walikuwa bado na mishale na filimbi. Kwa hiyo maneno yangu yaliliwa kama chumvi. Yalitoka kijijini yakaenda kata, diwani akayabeba mpaka halmashauri ya wilaya, na baada ya miezi michache ikatoka sheria ndogo. Mtu yeyote mwenye silaha halali, ambaye ana mji, yaani boma la familia, ndani ya kata, yowe likipigwa atafika na silaha yake, na atakuwa chini ya kamanda wa sungusungu mpaka ng'ombe wapatikane au nyayo zipotee. Asiyefika atatoa fahali, na mji wake utatengwa.

Katika kata yetu mwenye silaha halali alikuwa mmoja. Halmashauri nzima, madiwani na posho zao, walikaa wakanitungia sheria mimi peke yangu. Simjui mtu mwingine wa Mara aliyepata heshima hiyo.

Nilipeleka nakala ya ile sheria kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Aliisoma mara mbili, akaiweka mezani kwa vidole viwili kama kitu chenye mafuta.

"Hii imetoka wapi?"

"Halmashauri, afande."

"Halmashauri wana ghala la silaha?"

"Hawana."

"Leseni yako aliisaini diwani?"

"Uliisaini wewe, afande."

"Basi. Hawa ni watu wa majosho na ushuru wa soko. Bunduki ni sheria ya Bunge. Ukiipeleka kwenye mbio zao nakufunga."

Nikatoka hapo nikaenda halmashauri. Ofisa aliyenipokea alicheka. "Polisi wanakutisha, mzee. Sheria ndogo imepitishwa na waziri. Wewe ni mkazi wa Musoma mjini, lakini mji wako uko kwetu. Ng'ombe wako wanaogeshwa kwenye josho letu. Usipofika, tunakutenga."

"Na polisi wakinifunga?"

"Tutakuja kukuwekea dhamana."

Nikawa na serikali mbili na bunduki moja. Nikaamua nitakachofanya: nikienda kwa mama nitaenda nayo, maana ni ndani ya wilaya ya Musoma na ng'ombe ni mali yangu, leseni inaruhusu. Yowe likipigwa nitatoka, nitapiga moja hewani, nitarudi. Niliona nimewashinda wote.

Yowe la kwanza lilinikuta huko Jumamosi asubuhi, nikinywa uji. Walikuwa wamefungua zizi la jirani wa mama, mjane, na wamechukua ng'ombe wake pamoja na wanane wa kwangu. Kamanda wa sungusungu alipiga filimbi mlangoni kwetu. Nikatoka na shotigani begani, na naweza kusema bila kujisifu kwamba wanaume walisimama wima waliponiona.

Kufuata nyayo kwetu kuna utaratibu wake. Nyayo zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho kinazipokea, kinakimbia nazo mpaka kionyeshe zilikotokea. Zikifia kwao, wao ndio wezi, watalipa. Tulipokelewa vijiji viwili bila maneno. Saa nne tukafika kwenye kijito, ambacho ng'ambo yake ni wilaya ya Bunda. Wanaume wa ng'ambo walikuwa wamesimama wametungoja na mikuki.

Mzee wao akasema, "Nyayo tumeziona. Hatuzipokei."

"Kwa nini?"

"Wana bunduki ya jeshi. Sisi tuna watoto. Mkivuka na hiyo yenu, twende. Msipovuka, nyayo zimefia majini, mkawadai samaki."

Kamanda akaniangalia. Mwenyekiti akaniangalia. Mimi nikakiangalia kile kijito, ambacho kilikuwa kinafika kwenye vifundo vya miguu. Mjane alikuwa ametufuata mpaka pale, hana viatu, kanga ameifunga kiunoni.

Nikavuka.

Tuliwafikia mchana, kwenye bonde lenye miiba. Walipiga risasi moja, ikapita juu. Nikapiga zangu mbili. Wezi hawakujua kwamba zangu zilikuwa za kuulia kanga na njiwa. Walikimbia, wakaacha ng'ombe wote. Wote, hakupungua hata ndama. Watu walinibeba. Mimi si mwepesi, lakini walinibeba.

Polisi wa Bunda waliusikia mlio ule ule, wakaja na Landrova. Sajini alishuka akasalimia vizuri.

"Hongereni. Nani alikuwa na shotigani?"

Watu hamsini wakaninyooshea kidole kwa furaha.

"Lete leseni." Akaisoma. "Hii inasema Musoma."

"Ndiyo."

"Hapa ni wapi?"

"Bunda."

"Panda gari."

Ofisa wa halmashauri alitimiza ahadi ya dhamana, nitasema ukweli. Bunduki ilibaki kituoni na kesi ikasomwa mahakamani Bunda. Mashtaka mawili: kuitoa silaha nje ya wilaya bila kibali, na kuiweka chini ya amri ya watu wasio na leseni, yaani sungusungu. Halmashauri walimleta mwanasheria wao anitetee. Alikuwa kijana mwembamba, miwani mikubwa, shule yote imo kichwani mwake. Upande wa pili alikuwa mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi mwenye sauti ya kwaya. Yaani Serikali ilinishtaki na Serikali ikanitetea, mimi nimekaa katikati na suti yangu.

Inspekta akatoa muhtasari wa kijiji. Ule wa karani, siku ya mbuzi wawili.

"Mshtakiwa, maneno haya ni yako? 'Bunduki hii si yangu, ni ya kijiji hiki'?"

"Ni yangu."

"Bunduki ni yako au maneno ni yako?"

"Vyote."

Watu walicheka. Hakimu, mama wa makamo, hakucheka.

"Kwa hiyo mlipata leseni ya mtu mmoja, mkaifanya silaha ya kijiji kizima," inspekta akaendelea.

"Mheshimiwa, ile ni adabu. Hata nyumba yangu nilisema ni yao. Hakuna aliyehamia."

Hakimu akamtazama karani wa mahakama, akamwambia aliandike hilo. Alikuwa ameolewa Mara, nadhani, maana alielewa.

Mwanasheria wa halmashauri akasimama. Alisema maneno mengi ya Kiingereza, halafu moja la Kiswahili ambalo nililishika. "Mheshimiwa, mtu huyu angekaa nyumbani angevunja sheria ndogo. Alivuka, akavunja leseni. Angesimama wapi?"

"Katikati ya mto," inspekta akasema, na safari hii hakimu naye alicheka kidogo.

Hukumu ilisomwa baada ya mwezi. Nilisomewa tena na tena na wenye Kiingereza, na maana yake ni hii. Halmashauri inaweza kutunga sheria ya soko, ya josho, ya choo, na hata ya kuitikia yowe. Haiwezi kumpa mtu ruhusa ya silaha, kwa sababu ruhusa hiyo Bunge limeiweka mikononi mwa polisi. Na kama haiwezi kumruhusu, haiwezi pia kumlazimisha. Kipande kile cha sheria ndogo hakina nguvu. Mimi nilikuwa na kosa, lakini hakimu aliona nilidanganywa na karatasi yenye muhuri, kwa hiyo aliniachia kwa sharti nisitende kosa miezi kumi na miwili. Bunduki nirudishiwe. Ikae Kamunyonge. Ikionekana tena kwenye mbio za nyayo, bunduki itataifishwa na mimi nitaingia ndani.

Nilirudi Musoma nikiwa mtu mkubwa. Iringo walikuwa wanakuja dukani kuniangalia. Mtu wa darasa la nne amesababisha hakimu kufuta sheria ya halmashauri! Nilitoa nakala ya hukumu na tafsiri yake ya Kiswahili, nikaziwekea jalada la plastiki.

Yowe la pili lilipigwa kabla ya mavuno. Mtu alikuja kwa baiskeli mpaka dukani, jasho linamchuruzika, akasema, "Mwenyekiti anasema njoo nayo."

Nilifunga duka nikapanda gari la mizigo mpaka Butiama, nikatembea. Sikwenda nayo. Nilikwenda na hukumu.

Nilipofika watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka kwenye kile kijito. Wale wa ng'ambo walikataa kupokea nyayo bila bunduki, kama walivyosema mara ya kwanza. Ng'ombe waliokwenda walikuwa sita, wote wa yule mjane, wale wale niliomrudishia. Safari hii zizi lake lilibaki tupu kabisa.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye jiwe anafungua viatu. Nikampa jalada.

"Nini?"

"Hukumu. Soma. Sheria yenu imefutwa."

Aliisoma polepole, maana tulisoma shule moja. Akanirudishia.

"Karatasi nzuri sana, tajiri. Sasa nenda uwasomee hao ng'ombe, labda watarudi."

"Mimi nitafungwa!"

"Nani amesema usifungwe? Hakimu analala Bunda, polisi wako analala Musoma. Sisi tunalala hapa."

"Halmashauri yenyewe imekubali hukumu."

"Halmashauri ilikuta utaratibu upo, ikauandika. Wameufuta uandishi wao. Sisi hatukuanza na karatasi." Akasimama. "Ulisema mwenyewe ihesabiwe kwamba ipo. Leo tumehesabu, haipo. Mji wenu umetengwa."

Nilijua maana yake. Hakuna kusalimiwa. Hakuna kupewa kaa la moto, wala chumvi, wala kuazimwa jembe. Kisimani unasubiri wengine wamalize waondoke. Anayevunja anatoa kuku, akirudia anatengwa yeye. Mimi ninalala Kamunyonge, nina majirani wa bati na taa ya umeme. Aliyelala kwenye ule mji alikuwa mama yangu, peke yake na ng'ombe wangu, maana hata mchungaji wa ng'ombe alitoka siku ile ile.

Nikamwambia mama twende Musoma. "Baba yako yuko hapa," akasema, akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Nitamwacha na nani wa kumsemesha?"

Nilimpelekea kila kitu. Mafuta ya taa, viberiti katoni nzima, sukari, redio yenye betri mpya. Nikamtafutia mchungaji wa ng'ombe kutoka mbali, mtu asiyejua lugha yetu. Nilifikiri mtu akiwa na viberiti hana haja ya kaa la jirani. Kanisani aliachiwa benchi zima. Mchungaji wa kanisa alimsalimia mlangoni, akatozwa kuku, akatoa, Jumapili iliyofuata akamsalimia tena kwa macho tu.

Nilikwenda pia halmashauri kulalamika. Yule ofisa hakucheka tena. "Sisi tumefutiwa, mzee. Kisheria hatukutengi. Wanaokutenga si sisi." Nikaenda kwa mkuu wa polisi. Akasema wasiposalimiana si kosa la jinai, hana kifungu cha kumlazimisha mtu kusema shikamoo.

Wiki ya saba nilifika mapema, kumepambazuka tu, nikapita nyuma ya zizi ili nione kama yule mchungaji mgeni amekamua. Nikamsikia mama uani, anaongea. Nikafurahi, nikadhani wamelegea. Nikachungulia. Alikuwa anafagia, peke yake. Anasema kwa lugha yetu, "Umeamkaje?" Anafagia kidogo. Anajibu, "Nimeamka. Watoto wako hawajambo?" Anafagia. "Hawajambo, yule mkubwa anakujaga Jumamosi." Zile salamu zetu ni ndefu, zina watu wengi ndani yake, na alikuwa anazimaliza zote, upande wake na upande wa mjane, bila kuruka.

Sikuingia. Nilirudi mpaka barabarani, nikapanda gari, nikafika Kamunyonge saa tano, nikafungua sanduku.

Mkuu wa polisi wa wilaya alipoiona shotigani mezani kwake alidhani nimeleta kukaguliwa.

"Nasalimisha," nikasema.

"Bwana, mahakama ilikurudishia. Ni halali yako."

"Najua. Andika kwamba mimi sina silaha."

"Ulikaa kwenye benchi langu mwaka na nusu!"

"Afande, andika."

Aliandika. Kitabu cha leseni akakipiga muhuri wa kufutwa, akanipa hati ya kupokea silaha, yenye namba ya bunduki na sahihi yake. Wezi wa Iringo wangejua, nisingelala. Kwa hiyo nasema leo tu kwamba kuanzia siku ile sanduku langu la chuma lilikuwa na mitumba.

Kesho yake nilikuwa kwa mwenyekiti na ile hati, na fahali namvuta kwa kamba. Fahali alikuwa mkubwa kuliko aliyetakiwa. Sitoi kitu kidogo. Akaisoma hati.

"Kwa hiyo huna."

"Sina. Utaratibu wenu unasema mwenye silaha afike nayo. Mimi sasa ni mtu wa mkuki kama wewe."

"Na tumbo hilo utakimbiaje?"

"Nitakimbia nyuma yako, nawe hukimbii."

Alijaribu kukaza uso, akashindwa. Akamwita karani, yule yule. Nikamwambia karani, "Andika ninachosema, usiongeze adabu." Wakamchinja fahali siku ile ile, wazee wakala, na kabla jua halijawa utosini filimbi ikapigwa kwamba mji wetu umefunguliwa.

Mimi nilikuwa nimetangulia nyumbani kumpa mama habari. Sikuwahi. Yule mjane alikuwa amekwisha kuingia uani, mkononi ana kigae, anaomba kaa la moto, na moto kwake nilikuwa nimeuona unawaka nilipopita. Mama alichukua kigae akakiweka chini. Akamvutia kigoda. Wakaanza salamu tangu mwanzo, na baada ya salamu mama akaanza na waliokufa katika zile wiki saba, halafu waliozaa, halafu jirani gani alimwona kisimani akageuza uso. Mjane naye akaanza kumweleza ng'ombe wake sita, mmoja mmoja, kwa rangi.

Nilikaa kwenye gogo nikingoja chakula. Jua likapinda. Hakuna aliyepika, wala hakuna aliyeniuliza kuhusu bunduki. Ilipokaribia saa kumi nikaondoka na njaa yangu, nikawahi gari la Butiama.